SOMO: DJ chipukizi, achana na foleni ya klabu, nenda waliko watu wanaosubiri

Wakuu, heshima kwenu.

Haupiti mwezi bila kijana kuniandikia: "Kaka, kupiga nimejifunza, kontrola ninayo, niunganishe na klabu." (Kontrola ni ile mashine ya kuchanganyia ngoma, inayochomekwa kwenye laptopu.) Nimechoka kujibu mmoja mmoja, leo naweka somo zima. Klabu nyingi hapa Dar zina DJ wao wa kudumu. Huyo ana wadogo zake wawili anaowaachia saa za mwanzo, na wadogo hao nao wana washkaji wanaowabebea begi. Wewe na fulashi yako mko nyuma ya hao wote. Na ukibahatika kupewa muda, utapewa saa mbili usiku, ndani yumo meneja na wahudumu wanaopanga viti.

Mimi nilianzia sehemu ya kuoshea magari huku Temeke. Nikaenda saluni, nikaenda jogging, klabu nikaja kuitwa mwaka wa tatu. Na msidhani huu ni unyonge wa Uswahilini. Kool Herc, anayetajwa kama mwanzilishi wa hip hop, tarehe 11 Agosti 1973 alipiga kwenye chumba cha burudani cha jengo la kupanga, 1520 Sedgwick Avenue, Bronx. Dada yake Cindy alikuwa anatafuta hela ya nguo za shule, akaandaa shughuli, kiingilio senti 25 kwa wasichana na senti 50 kwa wavulana. Klabu haikuwepo kwenye hesabu.

Hatua ya 1: Tafuta watu wanaosubiri

Aliyelipa kiingilio amekuja kukupima. Ila mtu ambaye gari lake limejaa povu hana pa kwenda. Yupo kwenye benchi, simu imeishiwa chaji, redio inapiga matangazo ya dawa za nguvu za kiume. Ukimwekea ngoma anayoipenda anakushukuru kabisa, na ukikosea kuunganisha ngoma mbili hakuna atakayegundua isipokuwa wewe. Hapo ndipo pa kujifunzia.

Sasa zunguka mtaani kwako na swali moja kichwani: nani anasubiri, wapi, kwa muda gani? Kuoshea magari, Jumamosi na Jumapili asubuhi. Saluni za kike mkesha wa sikukuu, ambako mtu anasukwa kwa muda wa saa nne hadi tano na wengine wanne wako foleni. Mechi za mchangani, kabla ya mpira kuanza na wakati wa mapumziko. Kibanda umiza, usiku wa mechi za Ulaya: watu wanafika saa mbili kuwahi viti, mpira unaanza saa nne au saa tano. Viwanja vya watoto Idi Mosi na Idi Pili (watoto ndio hadhira ngumu kuliko zote, wakichoka wanaondoka bila kuaga). Duka jipya linalofunguliwa, lile lenye maputo mlangoni na spika inayokoroma.

Jogging naiweka peke yake kwa sababu pale hakuna anayesubiri, ila ni shule nzuri mno. Vikundi vya jogging vya Temeke na kwingineko hukimbia Jumapili alfajiri, na vingine vina kirikuu ya muziki mbele. Kundi linakimbia kwa hatua kama 150 hadi 160 kwa dakika. Kwa hiyo ngoma ya BPM (mapigo kwa dakika) 75 hadi 80 inakaa vizuri, hatua mbili kwa kila pigo. Siku yangu ya kwanza nilipiga amapiano, ambayo iko kwenye 112 hivi. Baada ya dakika tatu, nyuma yangu kundi zima linatembea, kiongozi ananiangalia kama nimemwibia. Singeli nayo iweke ya kumalizia, wakishasimama kunyoosha viungo. Ukiipiga wakiwa barabarani utaua wazee wa watu.

Daladala usihangaike nayo kama jukwaa, abiria wa leo si wa kesho. Ila mpe dereva fulashi yenye mikisi yako ya saa moja, useme jina lako kila baada ya dakika kumi. Wenzetu wa Nairobi, ma-DJ wengi wametangazwa na matatu kwa njia hiyo.

Hatua ya 2: Kaa pale siku nzima ukiwa mteja

Usibebe kifaa chochote. Kaa, kunywa soda, angalia. Wateja ni wa rika gani? Redio ikiwekwa nini watu wanatikisa kichwa? Soketi iko wapi? Ukuta wa pili anaishi nani? Msikiti uko umbali gani, na kanisa je? Saluni moja nilikuwa nimeipangia Bongo Fleva mpya tupu. Nilipokaa siku ile nikakuta wateja wote ni mama wa makamo, wanaimba taarabu ya miaka ya 2000 neno kwa neno, ubeti haudondoki. Nilirudi nyumbani nikapanga upya fulashi nzima.

Hatua ya 3: Ongea na mwenye eneo kuhusu biashara yake

Kosa la vijana ni kuanza na "naomba nafasi ya kuonyesha kipaji." Kipaji chako hakimlipii LUKU. Anza na shikamoo, kisha mwambie ulichoona: "Mama, Jumamosi wateja wako wanakaa zaidi ya saa nzima, wengine wanakata tamaa wanaondoka. Nikuletee muziki saa tatu mpaka saa saba, siku ya kwanza bure. Ukiona umekusaidia, tutaongea." Basi, nyamaza. Akisema atafikiria, mwachie namba uende zako.

Akikubali, kazi bado nusu. Pita kwa majirani wa pande zote, halafu kwa mjumbe. Mjumbe ndiye atakayekuambia kama inatosha hapo au inabidi ufike kwa mtendaji wa mtaa na polisi kwa kibali. Kwa muziki wa mchana wa sauti ndogo kwa kawaida inaishia kwake, ila usiku ni habari nyingine, na NEMC, wale wasimamizi wa mazingira, siku hizi hawana mzaha na kelele. Muulize mwenye eneo pia kama ana leseni ya kupiga muziki kwenye biashara. Masuala ya hakimiliki yako chini ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya serikali, na faini ikija mtaangaliana.

Na asubuhi ya siku yenyewe, kabla hujachomeka waya, uliza kama kuna msiba mtaani. Niliwahi kufungua na ngoma ya shangwe, nyumba ya tatu turubai limefungwa tangu usiku. Hakuna aliyenifokea. Alikuja mzee mmoja, akaweka mkono kwenye spika, akasema, "Kijana, leo hapana." Nilizima, nikaenda kukaa na wafiwa mpaka jioni. Mwezi uliofuata mzee yule yule ndiye aliyenipeleka kwenye harusi ya mjukuu wake.

Hatua ya 4: Vyombo na umeme

Hapa wengi wanaanguka. Huhitaji mabufa. Kontrola ndogo inayokula umeme wa laptopu, spika moja ya inchi 12 yenye amplifaya ndani, waya wa sauti wa akiba, na ekstensheni ya mita 20. Waya wa akiba si anasa, kinachokufa siku zote ni waya.

Umeme ukikatika je? Piga hesabu. Betri ya volti 12 yenye Ah (ampea-saa) 100 ina kama Wh (wati-saa) 1200, yaani 12 mara 100. Usiile zaidi ya nusu, utaiua. Toa na umeme unaopotea kwenye inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, unabakiwa na kama Wh 500. Spika iliyoandikwa wati 1000 haili wati 1000 ukiipiga kistaarabu. Ya inchi 12 kwa sauti ya saluni inakula wastani wa wati 100 hivi, laptopu 50. Hiyo ni zaidi ya saa tatu za muziki bila TANESCO wala jenereta linalonguruma kuliko ngoma. Tafuta betri za sola, za gari zimetengenezwa kwa kuwasha injini, hazipendi kunyonywa polepole.

Pale pa kuoshea magari nilipanga ekstensheni chini. Dogo mmoja akageuza bomba la presha, maji yakafika kwenye soketi, paaa! Giza. Spika ilipona, ila nilipigwa shoti ndogo na kontrola ya kukodi ikafa. Nilimlipa mwenye kontrola kwa miezi minne. Tangu siku hiyo nyaya zangu zinapita juu, nimezifunga kwenye nguzo, na soketi inakaa ndani ya ndoo iliyogeuzwa juu chini.

Hatua ya 5: Kupiga kwenyewe

Sauti iwe ya watu kuongea bila kupaza. Bezi punguza, ndiyo inayopenya ukuta na kumkera jirani. Maikrofoni acha nyumbani mpaka uzoeleke. Na usimalize ngoma zako zote kali saa ya kwanza, maana hujui nani anakuja saa ya tatu.

Hatua ya 6: Usiondoke mikono mitupu

Rekodi seti nzima kwenye laptopu. Bandika mbele ya meza karatasi yenye jina na namba kwa maandishi makubwa. Wateja wa saluni ndio wanaoandaa kitchen party na send-off. Mimi shughuli yangu ya kwanza ya kulipwa ilitoka kwa dada aliyekuwa anasukwa. Ukianza kulipwa mara kwa mara, nenda BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) ukajisajili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Mwanza: Mkuu, somo zuri. Mimi kontrola sina, nina laptopu tu na hedfoni. Nianze au nisubiri?

Jibu: Anza. Programu kama VirtualDJ inaendeshwa hata kwa kibodi. Shida yako itakuwa kusikiliza ngoma inayofuata kabla hujaiachia, kwa sababu laptopu ina tundu moja la sauti. Nunua waya wa kugawa, ule wa ma-DJ, unaopeleka upande wa kushoto kwenye spika na wa kulia kwenye hedfoni. Sauti haitakuwa ya stereo, lakini kwa saluni nani anajua? Ila usinunue ule wa kawaida wa kuunganisha hedfoni mbili, hautagawa kitu. Ukikodi kontrola, mkabidhiane mbele ya shahidi. Nimeshasema yaliyonikuta.

Mwanachama wa Morogoro: Kinyozi wangu kanizoea. Wiki ya saba hii napiga bure, nikigusia hela anasema "tuko pamoja." Nifanyeje kaka?

Jibu: Wiki ya saba! Wewe umeshakuwa redio yake, mdogo wangu. Bure ni siku moja, ikizidi sana mbili. Mwambie kwa upole wiki ijayo una shughuli kwingine, halafu kweli usiende. Kama muziki ulikuwa unamletea watu, atapiga simu, na simu hiyo ndiyo ya kutajia bei. Asipopiga, umeshapata jibu, hamia kwa jirani yake. Bei yangu ya kwanza ilikuwa elfu kumi na chipsi mayai. Nauli na bando la kushushia ngoma vikitoka, sikulalamika.

Mwanachama wa Kigamboni: Mimi ni dada, nina miaka 22. Nyumbani hawataki nirudi usiku. Kuna njia kweli?

Jibu: Dada yangu, wewe ndiye mwenye bahati hapa. Kwenye kitchen party akina mama wanataka wacheze kwa uhuru wao, na DJ wa kiume anawabana hata akikaa kimya nyuma ya meza. DJ wa kike wakimpata hawamwachi. Saluni za kike na mazoezi ya aerobiki ya jioni nako utapokelewa. Jifunze taarabu ya kisasa na mduara, usidharau. Kuhusu usiku, patana saa ya kuondoka kabla ya bei, chukua nusu ya malipo mapema, na usafiri uwe wa mtu anayejulikana nyumbani kwenu. Ikiwezekana shughuli ya kwanza nenda na mama au shangazi. Akikuona unavyoheshimiwa, maneno yatapungua.

Mwanachama wa Unguja: Assalaam alaykum. Huku kwetu mambo ya kibali yakoje, na Ramadhani inakuwaje?

Jibu: Waalaykumu salaam. Huko ofisi ni nyingine: sanaa iko chini ya BASSFU na hakimiliki ni COSOZA, usipoteze nauli kuja kwa wenzao wa bara. Anza kwa sheha wako. Ramadhani funga vyombo, ni mwezi wa kupanga fulashi, kusafisha majina ya ngoma na kuongea na waandaaji wa viwanja vya sikukuu mapema, maana wiki ya mwisho wote wameshapata watu.

Mwanachama wa Mbagala: Hivi na sisi tunaotafsiri filamu vibandani tumo? Nasi tunaitwa ma-DJ.

Jibu: Hahaha, mumo. Tena nyie maikrofoni mmeizoea kuliko sisi. Omba ile saa moja kabla ya mpira, kibanda ni chako tayari.

Mwanachama wa Tabata: Mkuu, nimesoma asubuhi, mchana nikaenda pale pa kuoshea magari karibu na nyumbani. Mwenyewe kasema nije Jumamosi hii! Sasa naogopa. Saa ya kwanza nipige nini?

Jibu: Safi sana. Asubuhi wanaoleta magari ni watu wazima wanaowahi shughuli zao, fungua na rumba ya Kongo ya zamani, ngoma ndefu ndefu. Zitakupa dakika nane nane za kutuliza mikono. Kuanzia saa nne vijana wakianza kuja, sogea taratibu kwenye Bongo Fleva. Nyaya juu. Na vaa ndala, utalowa.