Umeapgredi seva na sasa hakuna anayelogini? Anzia hapa

Ijumaa usiku umeapgredi seva ya Ubuntu, imewaka vizuri, ukenda zako kula viazi karai. Jumamosi saa mbili asubuhi simu haipumui, ofisi nzima ati "paswodi imekataa". Sasa skiza, usianze kureset paswodi za watu! Paswodi ziko kwa direktori (seva nyingine ya ofisi inayoweka majina na paswodi za watu) na direktori hujaigusa, kilichobadilika ni hii seva yako, na ukishareset arubaini utabaki na tatizo lilelile pamoja na watu arubaini wenye hasira.

Ingia kama root (yuza mkuu wa mashini) kwa akaunti ya hapohapo kwenye mashini, na hilo dirisha usilifunge mpaka mwisho, maana ukiivuruga PAM (sehemu ya mfumo inayoamua nani aingie) hata wewe mwenyewe utabaki nje.

Halafu jiulize maswali mawili, na usiyachanganye. Seva yamjua huyu mtu? Na je, yamkubali? Piga `id jina_la_mtu`. Ikikwambia no such user basi hata hatujafika kwa paswodi, seva haimjui kabisa. Ikimjua, jaribu paswodi kwa Kerberos, ule mfumo wa kuthibitisha watu: piga `kinit jina_la_mtu` uweke paswodi yake (mwite aiandike mwenyewe, asikutumie kwa WhatsApp).

Kama haimjui, mara nyingi SSSD (programu inayounganisha seva na direktori) haijawaka. Angalia `systemctl status sssd` na `journalctl -u sssd`. Wakati wa apgredi uliulizwa kama wataka faili yako ya zamani au mpya, na saa sita za usiku mtu hubonyeza tu Enter, kwa hivyo tafuta faili zinazoishia na .dpkg-old au .dpkg-dist ndani ya /etc ulinganishe. sssd.conf iwe ya root na ruhusa 600, ikiwa wazi zaidi inaweza kukataa kuwaka. Kwa nsswitch.conf mistari ya passwd na group iwe na neno sss. Hapo umemaliza hiyo.

Kama yamjua lakini kinit yakataa, soma ujumbe wenyewe, usiukimbie. Cannot find KDC (KDC ni seva ya Kerberos) ni DNS (inayotafuta anwani za seva kwa majina), seva imesahau kuuliza DNS ya ofisi yauliza ya intaneti huko nje, angalia `resolvectl status`. Cannot contact KDC, angalia poti 88 (sio za Kilindini hizi) kama fayawoli imeifunga. Na Clock skew too great ni saa.

Hii ya saa ilinitesa mimi asubuhi nzima. Kerberos kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5. Apgredi ilirudisha chrony (programu inayolinganisha saa) kwenye seva za saa za nje, na fayawoli yetu imefunga poti 123 inayopitisha saa, saa ikaanza kupotea, sasa kijana mmoja kwa nia njema akaiweka kwa mkono akiangalia simu yake. Ukitazama `date` waona saa ni ileile ya ukutani, kumbe seva iko UTC na sisi Mombasa tuko mbele masaa 3, kwa hivyo kwa Kerberos hiyo seva ishafika saa tano sisi bado saa mbili! Piga `timedatectl` usome mstari wa UTC sio wa juu, weka `timedatectl set-timezone Africa/Nairobi`, kisha elekeza chrony kwa seva ya direktori yenyewe.

Kama mwatumia LDAP tupu (njia ya kuongea na direktori) bila Kerberos, shuku cheti cha seva ya direktori. Mifumo mipya yakataa TLS (usimbaji wa mawasiliano) za zamani na funguo za biti 1024. Jaribu `openssl s_client -connect seva:636` uone yalalamika nini. Cheti cha CA (mtoaji vyeti) ya ofisi kikae /usr/local/share/ca-certificates na jina liishie .crt, la sivyo update-ca-certificates hukiruka kimyakimya. Kuna watu watakwambia weka tu ldap_tls_reqcert = never yaishe. Itakubali ndio, na yeyote aliyejiweka katikati ya mtandao atajifanya direktori azoe paswodi zote.

Kache nayo (kumbukumbu ya SSSD ya watu waliowahi kuingia), usiifute kwa pupa. `sss_cache -E` haina neno, lakini ukifuta /var/lib/sss/db na direktori haipatikani, hata wale wachache waliokuwa wakiingia kwa kache wamekwisha.

Na kama apgredi ilikushinda ukarudisha snapshoti ya zamani (nakala ya seva ilivyokuwa awali), paswodi ya mashini yenyewe huenda ishabadilishwa huko kwa Active Directory (direktori ya Microsoft), maana SSSD huibadilisha kila siku 30. `adcli testjoin` itakwambia, dawa yake ni realm leave halafu realm join.

id ikijibu na kinit ikipita lakini kulogini bado, endesha pam-auth-update uone SSS ina alama, na ya kutengeneza home (folda ya kila yuza) pia. Jaribu kwa dirisha jengine, kwa yuza wa kawaida sio wako wewe. Akiingia, ndio ufunge lile la root.