Kumuuguza geko mwenye ugonjwa wa mifupa

Geko ni mjusi mdogo anayefugwa, na ugonjwa huu humlainisha mifupa kwa upungufu wa kalsiamu. Aliyetelekezwa hufika akiwa na njaa, kiu na baridi kwa pamoja, na wengi wetu hukimbilia kopo la unga wa kalsiamu. Subiri kidogo. Mjusi hupata joto kutoka nje; mwili ukiwa baridi, tumbo halisagi kitu na hiyo kalsiamu itapita bure. Mimi huanza na joto, halafu maji, halafu kalsiamu, na chakula huja mwisho.

Hatua ya 1: Mkague

Mbebe kwa kiganja kilichotandazwa, kifua na tumbo vikiegemea hapo. Usimshike mkia, na aking'ang'ania kitambaa usimvute: mifupa hii huvunjika kwa jambo dogo. Tazama kama ana miguu ya matege, mkia uliopinda au mgongo wenye kona. Kisha gusa taya la chini kwa ncha ya kidole, taratibu. Likibonyea kama mpira, ugonjwa umekwenda mbali. Geko mzima hutembea tumbo likiwa limeinuka, mgonjwa huliburuta.

Vidole vikitetemeka au akishikwa na degedege, huenda kalsiamu ya damuni imeshuka mno. Hiyo ni dharura. Acha kusoma, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia.

Hatua ya 2: Wodi yake

Sanduku la plastiki lenye matundu ya hewa na karatasi ya jikoni chini linatosha. Mchanga hapana, maana mjusi mwenye upungufu wa madini huulamba mpaka utumbo ukaziba. Matawi pia yatoe, hata kwa geko apendaye kupanda. Akianguka leo, atavunjika.

Pasha joto upande mmoja tu. Geko chui anahitaji nyuzi 31 hadi 33 upande wa moto na 24 hadi 26 upande wa pili. Geko wa kishungi ni mwingine kabisa: 22 hadi 26 zinamtosha, zikizidi 28 anaumia. Pima sakafuni, pale tumbo linapolala. Na mkeka wa joto usio na themostati, yaani kidhibiti joto, mimi siuwashi.

Hatua ya 3: Maji

Tone moja kwenye ncha ya pua, atalilamba mwenyewe. Usimpanue mdomo kwa nguvu, taya laini linaweza kukatika mkononi mwako. Mwekee na kijipango chenye unyevu.

Hatua ya 4: Kalsiamu na vitamini D3

Hapa sikisii. Picha ya eksirei huonyesha mifupa iliyokonda na mivunjiko ya zamani, na daktari hupanga dozi kwa uzito wa gramu. D3 ikizidi, kalsiamu huganda kwenye figo na mishipa, ukawa umemtibu mifupa ukamuua figo.

Akitulia, ongeza taa hafifu ya UVB, mionzi kama ya jua inayousaidia mwili kutengeneza D3, na kivuli cha kujificha. Mwanga wake usipite kwenye kioo, kwani kioo huzuia mionzi hiyo. Taa nayo hudanganya: huendelea kung'aa hali UVB imekwisha, kwa hiyo ibadilishe kwa muda uliotajwa na mtengenezaji, mara nyingi miezi 6 hadi 12.

Hatua ya 5: Chakula

Taya laini haliwezi kutafuna nyenje. Anza na uji wa reptilia walao wadudu, ule atakaoelekeza daktari, kidogokidogo, kwa sababu mwili uliokaa na njaa hauhimili mlo mkubwa wa ghafla. Akipata nguvu, mpe wadudu laini.

Nyenje wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, ilhali geko anahitaji kalsiamu karibu maradufu ya fosforasi. Walishe chakula chenye kalsiamu siku moja au mbili kabla, kisha wapake unga. Mabuu ya nzi askari mweusi wana kalsiamu yao wenyewe, ndiyo maana nawapenda. Nyenje waliobaki watoe usiku huohuo; humng'ata mjusi asiyeweza kukimbia.

Hatua ya 6: Kufuatilia

Mpime kila wiki kwa mizani ya gramu, uandike. Jike asikae na dume, maana mayai hunyonya kalsiamu mwilini. Taya hukaza kwa wiki au miezi, lakini matege na mgongo uliopinda havinyooki tena, na wengi huishi navyo vizuri tu. Miguu ya nyuma ikipooza au akishindwa kutoa choo, rudi kwa daktari mara moja.

Mhamishie tangi la kawaida taya likishakuwa gumu na tumbo likishainuka anapotembea. Matawi yaanzie chini kabisa.