Regulata ikilia, tafuta chanzo kabla ya kushika spana

Regulata, yaani kifaa kinachompa mzamiaji hewa kutoka kwenye mtungi wake, nyingi ninazoletewa na wazamiaji wa samaki wa mapambo hapa Kigoma huwa zimeshakazwakazwa kwa spana ya kuazima. Wadogo zangu, nawaomba sana, acheni hilo. Kifaa hiki hupokea hewa ya mtungi yenye presha ya bar 200 na kuishusha kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni ile inayofungwa kwenye mtungi. Inaiteremsha hadi bar 9 au 10 hivi zaidi ya presha ya mahali ulipo. Hatua ya pili, ile unayoing'ata, inakupa hewa unayoweza kuivuta. Ubovu wa ile ya kwanza mara nyingi husikika mdomoni, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Kijana mmoja wa Katonga aliniletea regulata iliyokuwa ikitoa hewa yenyewe. Alikuwa ameshazungusha skrubu ya hatua ya pili mpaka kuvuta pumzi kukawa kazi nzito, na bado ilikuwa inalia. Nilimwuliza swali moja: inaanza kulia papo hapo ukifungua mtungi, au baada ya muda? Akasema baada ya muda. Basi nikachomeka geji ndogo ya presha kwenye mpira wa kujazia hewa jaketi la kuzamia, nikafungua mtungi taratibu, nikabonyeza kitufe cha kutoa hewa cha hatua ya pili mara chache. Mshale ulisimama kwenye 9, kisha ukaanza kupanda polepole bila kugusa chochote. Ukiona hivyo, kiti cha vali ya presha kubwa, kile kinachoziba njia ya hewa kwenye hatua ya kwanza, kimeliwa. Presha inajikusanya, na hatua ya pili inalazimika kuitema. Ungeikaza ile skrubu mpaka kesho, isingesaidia.

Mshale ukisimama imara lakini hewa inavuja tangu mwanzo, hapo sasa shuku hatua ya pili: kiti chake kimechakaa au mkono wake wa ndani umepanda mno. Ila usiihukumu kwa sababu tu imemwaga hewa ulipoitupa majini ikiangalia juu. Igeuze mdomo uangalie chini. Ikinyamaza, ni nzima.

Kipimo kingine hakihitaji hata mtungi. Funga sawasawa kifuniko cha vumbi, kile kinachoziba tundu la hatua ya kwanza la kuingizia hewa, tia regulata mdomoni, vuta. Inapaswa kukugomea kabisa. Ikiingiza hewa, basi dayaframu, ule utando wa mpira wa hatua ya pili, ina tundu, au kipande cha mdomoni kimechanika pale kinapofungwa, au vali ya kutolea pumzi haijakaa vizuri. Kwetu huku hii ya mwisho ndiyo ninayoikuta zaidi, kwa kuwa watu wanatoka majini na kuilaza regulata mchangani. Chembe moja ya mchanga chini ya mpira mwembamba wa vali hiyo inatosha kukunywesha maji kila ukivuta pumzi. Ifunge regulata kwenye mtungi, fungua hewa, izamishe kwenye beseni la maji safi na ubonyeze kitufe mara kadhaa. Mara nyingi mchanga hutoka. Hapohapo kwenye beseni angalia mapovu. Yakitoka pale mpira wa hewa unapoungana na hatua ya kwanza, kuna oringi (pete ya mpira ya kuzibia) mbovu au muungo umelegea. Yakitoka kwenye vitundu vya mwili wa hatua ya kwanza, hiyo ni ya fundi.

Tazama pia geji ya mtungi wakati unavuta pumzi. Mshale ukiinama kila unapovuta na kurudi ukiacha, vali ya mtungi haijafunguliwa vya kutosha au filta imeziba. Imulike filta, pale hewa inapoingilia hatua ya kwanza, kwa tochi: ukijani ni kutu ya shaba, maji yameingia, wekundu wa kahawia ni kutu ya mtungi wa chuma, weusi mara nyingi unatoka kwenye kompresa, mashine ya kujazia mitungi, na huo nauogopa, maana hewa yenyewe huenda si salama kuvuta.

Wapo wanaosema ziwa halina chumvi, kwa hiyo hakuna haja ya kuosha. Sikubaliani nao. Maji ya Tanganyika yana madini, pH yake inakaribia 9, na ukiongeza mchanga na mafuta ya injini za boti, mpira hauna raha. Osha kwa maji safi ya bomba, kifuniko cha vumbi kikiwa kimekaushwa na kufungwa. Kama regulata haiko kwenye mtungi uliofunguliwa, usibonyeze kitufe kabisa: utafungua njia, na maji yatapanda mpirani mpaka hatua ya kwanza. Anika kivulini, mipira ikilala bila kukunjwa kwa nguvu.

Grisi ya gari isikaribie regulata. Grisi inayotokana na petroli ikiwa kwenye presha kubwa inaweza kuwaka, hasa penye oksijeni nyingi. Oringi za duka la vifaa vya mabomba ya maji nazo ziache hukohuko, hata kama zinaonekana kutoshea. Tumia vipuri vya mtengenezaji wa regulata yako.

Ukiituma kwa fundi, funga na karatasi yenye maelezo: inavuja mtungi ukiwa umejaa au umepungua, inaanza papo hapo au baadaye, na namba uliyosoma kwenye geji. Mpaka irudi, usizamie nayo, hata pale kwenye kina kifupi.