SOMO: Una Subaru Impreza ya turbo na unataka kuiongezea nguvu? Pesa ianzie huku

Wakuu habari zenu. Hili swali naulizwa sana, mkuu nina Impreza WRX (ile yenye turbo, kipampu kinachoisukumia injini hewa zaidi), nimejipanga kidogo, nifunge nini gari itembee. Mimi nasema inalipa, ila kwa mpangilio, na mpangilio wenyewe wengi wanauanzia mwisho. Nilifanya hivyo hivyo, nikafunga ekzosi kubwa na filta ya wazi bila kupanga upya kompyuta ya injini, gari ikawa inavuta kweli halafu mwezi wa nne pistoni ya silinda namba nne ikapasuka. Hela ya ovahoo ingeninunulia kila kitu ninachokitaja hapa chini.

HATUA YA 1: Afya ya injini
Pima kompresheni (mgandamizo wa hewa) silinda zote nne injini ikiwa ya moto. Zikipishana sana simama hapo hapo, usifunge chochote. Uliza timing belt (mkanda unaoendesha valvu) ilibadilishwa lini, maana ikikatika kwenye hizi injini valvu zinagonga pistoni na habari imeisha. Na oili jamani, vuta kijiti kila ukijaza mafuta, hizi turbo zinakunywa oili kidogo kidogo bila moshi unashtukia injini imenoki.

HATUA YA 2: Tairi na breki
Hapa ndipo gari inapobadilika kuliko popote. Inama uangalie ubavu wa tairi, mwisho wa maandishi ya DOT kuna namba nne, ukiona 2216 ujue imetengenezwa wiki ya 22 mwaka 2016. Kashata (vipande vya mpira vinavyokanyaga lami) ziko nzima, inang'aa, lakini mpira umeshakauka, ikinyesha haishiki lami hata uwe na nguvu za farasi 300.

Breki sasa. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 230, yakishanyonya maji yanaweza kushuka hadi 155. Ukiteremka Kitonga umekanyaga breki muda mrefu, yale maji yanageuka mvuke, pedali inakuwa laini kama sponji, inazama mpaka chini na gari haisimami. Mimi nimekanyaga pedali ya hivyo nyuma ya lori la mbao, sisahau. Badilisha mafuta kila miaka miwili, weka pedi nzuri, na mteremkoni tumia gia.

HATUA YA 3: Shokapu na bushi
Zilizochoka toa, weka mpya. Usikate springi.

HATUA YA 4: Sasa nguvu
Sensa ya hewa imepimiwa bomba la kiwandani. Ukiweka filta yenye bomba pana, hewa inayoingia inakuwa nyingi kuliko inayohesabiwa, kompyuta inatoa petroli pungufu, joto linapanda, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake na pistoni ndiyo inayolipa. Tena gari la Japani limepangiwa petroli ya kule ya oktani inayokaribia 100, ya pampu zetu haifiki huko. Kwa hiyo ekzosi, filta na mapping (kupanga upya kompyuta ya injini) vifanyike pamoja, kwa fundi anayepima mchanganyiko na kusikiliza ugongaji, yaani ule mlipuko wa kabla ya wakati, huku gari inavuta. Asiye na vifaa vya kupimia usimpe funguo.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, ile valvu ya kupumulia turbo inayopiga "pshuuu" inaongeza nguvu?
Haiongezi. Ikimwaga hewa nje, ile hewa sensa ilishaihesabu, petroli inazidi kila ukibadilisha gia. Waliotengeneza waliirudisha ndani kwa sababu hiyo.

Swali: Yangu ni 1.5 haina turbo, nikifunga turbo ya mtumba?
Kaka usifanye. Injini isiyo na turbo mgandamizo wake uko juu tangu kiwandani, ukiisukumia hewa bila kubadilisha pistoni na mapping haidumu. Uza, ongeza hela, tafuta iliyokuja na turbo yake, itakutoka pungufu.

Swali: Nipo Mbeya, mbona ya jirani isiyo na turbo inachoka kuliko ilivyokuwa Dar?
Ni mwinuko dada yangu. Mbeya iko kama mita 1,700, hewa nyepesi, injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 15 mpaka 20 ya nguvu. Yako turbo inafidia sehemu kubwa ila inazunguka kwa kasi zaidi na inapata joto, kwa hiyo huko usiongeze presha ya turbo kabisa kabla hujapima.

Swali: Bima niwaambie?
Waambie, kwa maandishi. Ukipata ajali wakakuta vitu hujavitaja wanaweza kukukatalia malipo.

Swali: Nina hela ya kitu kimoja tu mwezi huu?
Kompresheni ipo sawa? Basi tairi nne mpya, zote saizi moja na aina moja, maana hii ni 4WD na tairi zikipishana unene zinaua difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma.