Namna ya Kuandika Historia ya Ecurie Ecosse kwa Usahihi

Anayetaka kuandika historia ya timu hii ya mbio za magari ya Uskoti na aanze na swali la umiliki, kwa sababu bila kujua magari yalikuwa ya nani, ukubwa wa ushindi wake hauonekani. David Murray, mhasibu wa Edinburgh aliyewahi kushindana mwenyewe, aliianzisha mwishoni mwa mwaka 1951 pamoja na fundi Wilkie Wilkinson, wakiwa na gereji yao Merchiston Mews. Msimu wa kwanza ulitegemea magari ya Jaguar XK120 yaliyokuwa mali ya madereva wenyewe. Jambo hilo litajwe mapema.

Sehemu kubwa ya maandishi yapewe mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Mwaka 1956 Ron Flockhart na Ninian Sanderson walishinda kwa gari moja tu la timu, Jaguar D-Type, wakiwatangulia Stirling Moss na Peter Collins wa Aston Martin. Mwandishi mwadilifu ataongeza kwamba magari mawili yaliyoingizwa na kiwanda cha Jaguar chenyewe yalipata ajali mwanzoni kabisa, na la tatu likacheleweshwa na hitilafu ya mfumo wa mafuta. Kuyaficha hayo ni kuwapunja wasomaji, na kuyataja hakuwapunguzii washindi heshima yoyote. Mwaka 1957, kiwanda cha Jaguar kikiwa kimekwisha kujitoa mashindanoni, Flockhart na Ivor Bueb walishika nafasi ya kwanza, huku Sanderson na Jock Lawrence wakishika ya pili. Hata hivyo, isiandikwe kwamba timu ilijitegemea kwa kila kitu, kwani magari hayo yalitoka kiwandani na kiwanda kiliendelea kuisaidia. Kwa maoni yangu, uhusiano huo ndio sehemu inayostahili utafiti wa kina zaidi.

Picha zichunguzwe kwa makini. Katika picha nyeusi na nyeupe, buluu ya Waskoti hufanana mno na kijani cha magari ya Kiingereza, hivyo tafuta ngao yenye msalaba wa Mtakatifu Andrea ubavuni, kisha namba ya mashindano: 4 kwa mshindi wa 1956, 3 kwa mshindi wa 1957. Gari lenyewe litambuliwe kwa namba ya chasisi. Lile la 1956 ni XKD 501.

Kushuka kwa timu kuelezwe kwa sababu zake. Kanuni za 1958 ziliweka kikomo cha injini za lita 3, na injini ya Jaguar ya ukubwa huo haikustahimili. Miaka ambapo timu ilitumia magari ya Tojeiro na Cooper inaweza kupitiwa haraka, isipokuwa 1963 na 1964, ambapo kijana Jackie Stewart, baadaye bingwa wa dunia wa Formula One, aliendesha magari ya timu. Timu iliyofufuliwa na Hugh McCaig miaka ya 1980, iliyotwaa ubingwa wa dunia wa timu za C2 (daraja la pili la magari ya mbio za masafa marefu) mwaka 1986, iwekewe sura yake yenyewe.