Kusoma umeme wa jengo la halmashauri ukiwa mbali: kufunga mita na kuihakiki

Mita ya LUKU inaonyesha uniti zilizobaki. Haionyeshi ziliisha saa ngapi, wala kama viyoyozi viliachwa vikinguruma usiku kucha. Mwongozo huu ni wa jengo la ofisi lenye fezi tatu, 400/230 V.

1. Vifaa

Mita ya fezi tatu yenye Modbus, yaani lugha ambayo mita hutumia kujibu kompyuta (Eastron SDM630MCT inatosha), CT tatu (pete za kupima mkondo, zinazovishwa kwenye nyaya) za kufunguka za 200/5 kama swichi kuu ni ya 200 A, Raspberry Pi (kompyuta ndogo), adapta ya USB kwenda RS485 (nyaya mbili, A na B, za kuunganisha mita na Pi), na ruta ya laini ya simu. Mita za Wi-Fi achana nazo. Ubao wa swichi ni sanduku la chuma, na kuta za chumba chake ni nene. Mawimbi yatakatika kila siku.

2. Kufunga

Kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), umeme ukiwa umezimwa. Mita ya TANESCO na lakiri zake haziguswi. CT zako zikae baada ya swichi kuu. Ncha za CT ya 5 A zisiachwe wazi mkondo ukipita, volteji yake hupanda kiasi cha kuua. Kabla ya kutoa mita, unganisha S1 na S2, yaani ncha hizo mbili za CT, pamoja.

Weka uwiano wa CT kwenye mita. Ukisahau, ikabaki 5/5, utasoma sehemu moja ya 40 ya matumizi.

3. Kuhakiki CT

Hapa ndipo siku nzima hupotea, kwa sababu kosa halionekani: namba zinakuja, grafu inapanda na kushuka, kumbe ni uongo.

Zima saketi zote. Washa birika la 2,000 W kwenye fezi ya kwanza peke yake, usome wati za kila fezi:

- Karibu 2,000 kwenye fezi ya 1: sawa.
- −2,000: CT imegeuzwa. Upande wake ulioandikwa P1 uelekee umeme unakotoka.
- −1,000, kwenye fezi nyingine: nyaya za CT zimeingia fezi isiyo yake.
- +1,000, kwenye fezi nyingine: imekosea fezi na imegeuzwa pia. Hili ndilo baya kuliko yote, maana mwenye haraka huona namba chanya akaondoka.

Nusu hiyo inatokana na fezi kuachana kwa digrii 120. Rudia kwa fezi ya 2 na ya 3. Usitumie feni wala pampu: pawa fakta (sehemu ya mkondo inayofanya kazi kweli) ya mota isiyo na mzigo iko chini kweli, itakuchanganya. CT ikisoma pungufu kidogo tu, ifungue ufute vumbi kwenye nyuso zinazokutana. Hata uwazi mwembamba unapunguza kipimo.

4. Kusoma na kutuma

Kwenye programu ya Pi inayosoma mita, weka spidi 9600 na fankisheni 04 (amri ya Modbus ya kusoma vipimo). Anwani 52 ni jumla ya wati, 342 ni jumla ya uniti; zote floti (namba yenye desimali) ya biti 32. Mita isipojibu, badilishana nyaya za A na B.

Tuma kwa MQTT (njia nyepesi ya kutuma data mtandaoni) kila dakika, lakini andika kwanza kwenye Pi, mtandao ukikatika data isipotee.

5. Baada ya wiki

Linganisha na LUKU. Pengo la theluthi moja hivi, mzigo wa fezi ukikaribiana: CT moja haisomi. Zikilingana, anza kukagua matumizi ya saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri. Chochote kinachozidi taa za ulinzi, friji na serva kitafutwe chumba kwa chumba.