Jinsi ya kuomba kibali cha kupanda Kilimanjaro kwa Mtanzania

Kabla hujampigia mtu yeyote simu, amua kwanza: unakwenda kutembea siku moja, au unakwenda kileleni? Taratibu zinatofautiana, na gharama ndiyo kabisa. Matembezi ya siku moja huanzia lango la Marangu na kuishia kibanda cha Mandara, kwenye mita 2,700 hivi. Ni kama kilomita nane ndani ya msitu, saa tatu za kupanda kwa mwendo wa kawaida, mbega wakirukaruka juu yako. Kilele cha Uhuru kipo mita 5,895, na safari yake ni ya siku tano hadi nane kutegemea njia. Kama hujawahi kuukanyaga mlima huu, nakushauri uanze na Mandara. Mwili wako utakwambia kama uko tayari kwa yaliyobaki.

Andaa kitambulisho cha taifa. Ndicho kinachokupa ada ya raia, ambayo iko mbali sana na ile ya mgeni. Mwaka niliompeleka mdogo wangu, chake alikisahau gesti, Moshi mjini. Alirudi kukifuata, na alipofika tena langoni jua lilishapita utosini. Tukaahirisha mpaka kesho yake. Kwa watoto, beba vyeti vya kuzaliwa, na ujue kwamba mtoto wa chini ya miaka 10 haruhusiwi kwenda kileleni.

Safari ya kileleni huombi mwenyewe. Hifadhi iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na kila mpandaji lazima awe na mwongozaji mwenye leseni, kwa hiyo kampuni ya utalii iliyosajiliwa ndiyo inayokuombea. Wape jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe ya kuingia, njia na idadi ya siku. Njia ya Marangu ndiyo pekee yenye vibanda vya kulala. Machame, Lemosho, Rongai na Umbwe ni mahema. Vitanda vya vibandani vinahesabika, hivyo anayetaka Desemba awahi: Watanzania wengi hupenda kuwa juu tarehe 9, kukumbuka usiku ule wa 1961 Alexander Nyirenda alipopandisha mwenge na bendera yetu kileleni.

Hapo kwenye idadi ya siku, usikubali kubanwa. Marangu inauzwa kwa siku tano, lakini lipia ya sita ulale Horombo usiku mbili. Kibanda cha Horombo kipo mita 3,720. Siku ya katikati mnapanda taratibu hadi kwenye miamba yenye mistari kama pundamilia, kisha mnashuka kulala palepale, na mwili unazoea hewa nyepesi. Nimewaona vijana wenye misuli wakishushwa kutoka Kibo, kibanda cha mwisho kabla ya kilele, midomo imepauka, wanatapika, na mama wa makamo aliyekwenda pole pole akiwapita akielekea juu. Ukiumwa kichwa, mwambie mwongozaji mara moja. Kumficha ni hatari.

Malipo ya hifadhi hayapokelewi taslimu. Hutolewa namba ya kumbukumbu, ile ambayo watu wote wanaiita kontroo namba, inayolipiwa benki au kwa simu. Kama kampuni ndiyo inakulipia, omba nakala ya risiti uone idadi ya watu na siku, na uliza kama bei uliyotajiwa tayari ina VAT. Ada ya serikali usiitume kwenye namba binafsi ya mtu, hata akiwa mkarimu namna gani.

Epuka masika, Machi mwishoni hadi Mei. Juni hadi Oktoba ni kukavu, na Januari na Februari pia.

Lala Moshi au Marangu siku moja kabla. Kutoka stendi ya Moshi kuna magari ya Marangu Mtoni kupitia Himo, na kutoka Mtoni unachukua bodaboda hadi langoni. Ukibakiwa na siku, maporomoko ya Kinukamori yapo hapo hapo Marangu, na chemchemi za Chemka, upande wa Boma Ng'ombe, zinafaa sana kwa miguu iliyochoka.

Langoni utasaini daftari: jina, umri, kazi, uraia. Kisha mizigo inapimwa. Mpagazi, ambaye mlimani anaitwa mgumu, habebi zaidi ya kilo 20. Simama karibu na mzani uone mshale unapoishia, na kama begi lako limezidi, punguza wewe mwenyewe. Shingo itakayolibeba si yako. Chupa za plastiki za kutupa ziache nyumbani, beba ya kujaza tena.

Kila kituo kina daftari lake, usiruke hata moja. Ukishuka utasaini kutoka, na ukiwa umefika kileleni utapewa cheti. Soma jina lako herufi kwa herufi ungali pale dirishani, maana ukishafika Moshi kulirekebisha ni safari nyingine.